Nimemfukuza kwale wa baba mkwe

Leo nimeaibika ukweni, na posa yenyewe bado sijapeleka.

Asubuhi nimepanda Kibosho na mchumba wangu, Neema, kuwasalimia wazazi wake. Kwao ni juu kabisa, migomba inapoishia na msitu unapoanza.

Nikatoa shikamoo, nikapewa chai. Nikaona nisikae tu kama mgeni. Nikatoka nyuma kwenye migomba, nionekane mtu wa kazi.

Huko nikakuta ndege wa kahawia, kama kuku mdogo hivi, anafukua maharage yaliyopandwa juzi.

Nikaokota bonge la udongo, nikamrushia kwa nguvu zangu zote!

Halikumpata, jamani. Lakini alichomoka kwa kelele, akapotelea msituni.

Nikageuka nikitabasamu, nikingoja sifa.

Baba yake Neema alikuwa dirishani, kashika kopo la mahindi.

"Yule ni kwale wa msituni," akasema polepole. "Akiona mtu tu anakimbia. Nimeanza kumzoesha tangu mvua zilipoanza. Leo ndiyo mara ya kwanza amekuja huku ananiona."

"Samahani sana, baba. Nilidhani anaharibu maharage."

"Maharage nilimpandia yeye."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Mchana amekula pale pale dirishani, macho msituni.

Sasa niko Njoro, nyumbani kwangu. Neema ameniandikia kwamba baba bado yuko dirishani na ndege hajarudi.

Na mshenga wangu ananiuliza tunapanda lini kupeleka posa.

Nimjibu nini?