Barabara ya Mwami

Asubuhi ile ilikuwa zamu yetu ya salongo, kazi ya kijiji isiyo na malipo, nami nilikuwa nachimba barabara ya mwami, mfalme wetu wa jadi, huku nikinung'unika kama wengine. Baba yake na babu zake walikataa barabara. Walitaka mgeni afike kwetu kwa miguu, amechoka, ameonekana tangu mtoni. Huyu alikuwa amesoma Ulaya. Alituambia Wazungu wa machimbo watatumeza tukibaki vile, kwa hiyo tujenge barabara yetu, shule yetu na hospitali yetu kabla hawajatupangia maisha.

Mama yangu, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba na hatembei bila fimbo, alituletea mihogo. Barabara ilipita mbele ya mlango wake. Aliitazama kwa muda.

"Vita ikikuja tulikuwa tunasikiaka bunduki kule ku mto, tunapata wakati ya kujificha," akaniambia. "Sasa miye nitakimbia na miguu gani?"

Niliinamia jembe langu. Msimamizi alikuwa anatuangalia.

Msimu wa mvua uliofuata, vita vilirudi. Nilikuwa shambani, juu mlimani. Sikusikia bunduki. Nilisikia injini.

Malori, moja nyuma ya jingine.

Nilishuka mbio, nikianguka kwenye maharage na kuinuka. Wenye bunduki walikuwa kwenye barabara niliyoichimba mimi.

Mlango wa mama ulikuwa wa kwanza.

Nilimkuta mkekani, amepigwa risasi kifuani. Hakuwahi hata kusimama.

Mwaka 2015 tulikuwa kwenye matanga ya jirani yetu mmoja, mtaa wa Beechmont, hapa Louisville, Marekani, mwami alipoingia. Naye sasa ni mkimbizi, anafunga maboksi kwenye ghala na kurudi nyumbani kwa basi. Watu walisimama wakampigia makofi ya heshima kama kwetu. Mimi sikupiga. Miaka yote hiyo nilitaka jambo moja tu kwake: akiri kwamba barabara yake ilimuua mama yangu.

Nilimfuata jikoni nikamwambia hivyo hivyo. Akauliza ni nyumba ipi.

"Ya kwanza, Mwami. Pale ku kona."

Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Bon, sawa," akasema. "Muzungu mwenye kupima barabara alitaka ipite mbali, ku bonde. Ni miye nilikatala. Watu waliniambia pale kuko mama mwenye miguu mubaya. Nikasema ipite ku mlango yake, ili gari ya hospitali imufikie."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mpumbavu au mwenye tamaa. Hasira ya kumtosha mtu kama huyo nilikuwa nayo, nimeilea vizuri. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi, nikilia kwa uchungu. Afadhali angekuwa mwizi.