Kochi Lililokataa Kuhama

Fundi makochi huyu watu walimwita Sponji, na jina hilo hakulipata kwa sababu ya kazi peke yake. Alikuwa laini. Ukimbonyeza anabonyea, ukimwachia anarudi palepale alipokuwa. Mkewe, muuguzi wa wodi ya watoto, alikuwa amembonyeza kwa miaka kumi na minne na bado hajaona alama.

Siku mke aliporudi na habari kwamba amehamishiwa hospitali ya mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, Sponji alikuwa amelala chali kwenye kochi lake kubwa la sebuleni. Alisikiliza bila kuinuka.

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Wanatoa lori?"

"Wanatoa pole. Hela ya uhamisho watalipa baadaye."

"Baadaye ya lini?"

"Ile baadaye yao."

Hapo Sponji akaketi, akajipiga mapaja, akatangaza kwamba mkewe aende zake kazini bila wasiwasi, mipango yote ya kuhama aachiwe yeye. Mke akamtazama kama anavyomtazama mgonjwa anayesema anaweza kutembea mwenyewe hadi chooni.

Nyumba hiyo ya kupanga ilikuwa na mtu wa tatu, mama mzazi wa muuguzi. Alikuja kutembea wiki mbili, miaka sita iliyopita. Wapo wakwe wanaoheshimiana kwa kutotazamana usoni. Hawa wawili walikuwa wakigombea rimoti.

"Huko tunakohamia kuna joto?" Mama mkwe aliuliza kutoka chumbani.

"Kuna joto, Mama," akajibu Sponji.

"Basi ununue feni. Andika."

Akaandika. Jioni, sahani zilipoondolewa mezani, aliisoma bajeti yake kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya serikali. Lori. Kamba na turubai. Chakula cha njiani. Feni. Halafu mengineyo.

"Kodi ya nyumba ya kule?" mke akauliza. "Wenye nyumba siku hizi wanataka miezi ya mbele."

"Iko kwenye mengineyo."

"Wapakiaji?"

"Mengineyo."

"Banda la wewe kufanyia kazi?"

"Nimeshasema, mengineyo."

"Na hayo mengineyo umeyatengea kiasi gani?"

Sponji akakohoa. "Kama nauli ya basi ya mtu mmoja."

"Nani huyo?" akauliza Mama mkwe. "Maana kama ni mimi, nataka kiti cha dirishani."

Sponji hakukata tamaa. Alikuwa na turufu. Kule sokoni yalikuwa yanashusha malori ya vitunguu yaliyotoka mji uleule wanaoukusudia, na lori linalorudi tupu halina maringo. Alikwenda kwenye maegesho asubuhi tatu mfululizo, akanywa chai na madereva, akacheka vichekesho visivyochekesha, mpaka akampata dalali aliyekubali bei ambayo Sponji mwenyewe aliona aibu kuitaja. Sharti moja tu: dalali aone mzigo kwanza.

Dalali alifika, kijitu kifupi chenye kalamu ya risasi sikioni na tumbo lililotangulia kuingia. Akakagua chumba kwa chumba. Kitanda, sawa. Kabati, sawa. Sanduku la Mama mkwe, sawa, ingawa alilisukuma kwa mguu na likamsukuma yeye. Alipofika sebuleni akasimama.

"Na hili jumba?"

"Kochi."

"Limeingiaje?"

Sponji akatazama mlango, kisha kochi. Lilikuwa swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

Kochi halikuingia. Lilizaliwa humo. Miaka mitano nyuma, msimu wa mvua, banda la Sponji lilivuja kama kichujio, akahamishia mbao na misumari sebuleni. Wateja walikuwa wachache, mikono ilikuwa inamwasha, akaanza kutengeneza kochi la nyumbani kwake. Fundi makochi siku zote hukalia ndoo. Yeye akaapa kuivunja laana hiyo. Likatoka kochi la watu wanane, lenye umbo la herufi L, kitambaa cha rangi ya zambarau iliyoiva, mgongo uliopinda kama shingo ya bata, mbao ngumu zilizogandishwa kwa gundi na kupigiliwa kana kwamba anajenga daraja. Wageni walilisifia kabla ya kumsalimia. Lilikuwa ndicho kitu pekee alichowahi kutengeneza bila mteja kumwambia apunguze bei.

Dalali akatoa futi ya utepe, akapima kochi, akapima mlango, akapima dirisha, kisha akampima Sponji kwa macho.

"Fundi, una elimu gani?"

"Acha hizo. Tulipindue."

Wakalipindua. Wakaliinamisha, wakalisimamisha, likakwangua dari. Wakajaribu dirishani, likaziba jua. Mama mkwe akawa anaelekeza kutoka mlangoni kama mwamuzi, "kulia, kulia, nimesema kulia ya kwangu," hadi kidole cha dalali kikabanwa na akatukana tusi ambalo bibi huyo alimwomba alirudie polepole.

Akaitwa mwenye nyumba. Sponji alimweleza kwa adabu zote kwamba anaomba kutoa fremu ya mlango na kipande kidogo tu cha ukuta.

"Ukivunja ukuta wangu utajenga nyumba," mwenye nyumba akasema. Kisha akakaa kwenye kochi, akarukaruka kidogo, akatabasamu. "Kwani shida iko wapi? Liache. Mpangaji ajaye nitamtoza kodi ya nyumba yenye fanicha."

Usiku huo Sponji hakula. Kesho yake alikula kidogo tu, ambalo kwake ni jambo la kuitia daktari. Alizunguka kochi akilipapasa. Mke alimvumilia, kisha akasema neno moja.

"Kata."

"Unasema kata kirahisi hivyo, kama unakata kitunguu!"

"Mume wangu, mimi nimeona watu wakikatwa mguu, wakaamka, wakaomba chai. Kata. Utaliunga kule."

"Halitakuwa lilelile."

"Hata sisi hatutakuwa walewale. Kata, nina zamu saa nane."

Akachukua msumeno. Alianza kuchana kitambaa kwa wembe, taratibu, kisha akang'oa sponji, akafika kwenye mbao. Kila msumeno ulipokwenda na kurudi alikunja uso kama anayeng'olewa jino. Na ni meno kweli yaliyosimamisha kazi. Katika pembe ya L, chini kabisa, kati ya springi na gunia, pamoja na kijiko, sarafu na karanga za enzi hizo, palikuwa na kibao cha rangi ya waridi chenye meno matatu ya bandia.

Sponji akayafuta kwa shati. Mtaa mzima ulizijua habari za meno hayo.

Mwaka mmoja na nusu nyuma, Mama mkwe alipoteza meno yake siku ileile ambayo jirani wa ukuta mmoja, Mama Mapacha, alikuwa amekuja kupiga soga. Mama Mapacha naye alikuwa na mapengo. Ushahidi gani mwingine ulihitajika? Bibi alikwenda hadi bombani, mbele ya foleni ya ndoo, akamtangaza kuwa mwizi wa meno. Wanawake wale waliokuwa wakishinda sebule moja hawakusalimiana tena. Watoto wa mtaa, ambao hawana dini katika mambo haya, wakambatiza jirani jina jipya: Mama Meno.

"Mama," Sponji akaita. "Njoo uone."

Bibi akaja, akaona. Kisha akasema, "Yarudishe ulipoyatoa."

"Mama!"

"Tunahama wiki hii. Atasahau."

Muuguzi alikuwa amesimama nyuma yao na sare yake tayari. "Mama, utakwenda kumwomba radhi."

"Mimi? Kwa umri huu?"

Na hapo Sponji, mtu wa kubonyea, kwa mara ya kwanza hakubonyea. Pengine ni uchungu wa kochi. "Utakwenda, Mama. Lori nimelipata kwa bei ya kutupa. Lina nafasi ya sanduku lako. Kesi halibebi."

Bibi akamkodolea macho. Akayasuuza meno, akayafunga kwenye leso, akavaa viatu vya msibani. Sponji akamsindikiza, nusu kwa heshima, nusu asije akakimbia.

"Hodi."

"Nani?" sauti ya Mama Mapacha ikatoka ndani.

"Mimi."

"Mimi wako wengi."

"Yule aliyekuita mwizi."

Mlango ukafunguka kidogo. Bibi akafungua leso. "Yalikuwa ndani ya kochi."

Mama Mapacha akainama kuyaangalia, akayahesabu kwa kidole bila kuyagusa. "Matatu?"

"Matatu."

"Nimeitwa Mama Meno mwaka mzima na zaidi kwa ajili ya meno matatu? Mimi nilidhani angalau seti!" Sponji akacheka. Akacheka peke yake. "Wanangu wamepigana shuleni kwa jina hilo, bibi wewe. Mmoja alirudi na jicho limefumba. Mimi mwenyewe natafuta maji mtaa wa pili, naogopa bomba la hapa. Halafu unanijia hapa na kileso?"

Bibi alitazama viatu vyake. Kisha akasema: "Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea."

Sponji alikuwa amekaa na mwanamke huyo miaka sita. Neno hilo hakujua kama bibi anaweza kulitamka.

"Sikukatalii," akasema Mama Mapacha. "Ila hukunitukana hapa mlangoni. Ulinitukana bombani."

Jioni, foleni ya ndoo ilipokuwa ndefu kuliko kawaida, bibi alisimama palepale. Aliyavaa meno ili ushahidi uonekane. "Nyote mlionisikia siku ile," akasema, "mlisikia uongo. Mwizi hakuwepo. Nilikuwa nimeyakalia." Mtu mmoja nyuma akauliza, je, hayakumuuma? Foleni ikaangua kicheko, na Mama Mapacha naye, ambaye alikuwa amesimama kando mikono kifuani, akashindwa kujizuia. Wakarudi wameshikana mikono wakiwasengenya waliocheka.

Kochi likatoka vipande vitatu. Viwili vilipita mlangoni vizuri. Cha tatu, ile pembe, Sponji alikizungushia mbao mpya, akakishona upya kwa mabaki ya zambarau, akakibeba hadi kwa Mama Mapacha kiwe kiti chake. Mke alipouliza hiyo imo kwenye bajeti gani, akamjibu bila haya, "Mengineyo."

Mengineyo yalikula kila kitu. Wapakiaji waliona sanduku la bibi wakapandisha bei mara mbili. Lori lilichelewa, na turubai likakutwa na matundu. Nyumba ya kule ilikuwa ghorofa ya tatu, na huko napo wabebaji walitaka chao kwa kila ngazi. Sponji alipogeuza mifuko nje nje, mkewe alifungua mkoba, akalipa mmoja mmoja bila kupepesa.

"Umezitoa wapi?"

"Nilichukua kila hesabu uliyoisoma nikaizidisha mara mbili, nikaanza kuweka. Zamu za usiku zile ulidhani napenda mwezi?"

Sponji akaona aibu, ya kweli, iliyomfikia hadi masikioni. Alimvua mkewe viatu, akamkandia miguu hadi akasinzia kati ya maboksi, na vyumba vyote vikinuka vitunguu.

Kesho yake alfajiri muuguzi akaenda kuripoti kazini. Mama mkwe akamtuma Sponji mkate, dukani chini hapo tu. Alitoka akiwa amevaa kandambili. Saa moja ikapita, saa mbili, saa tatu. Bibi alikuwa dirishani akijiandaa kumpigia binti yake simu kwamba mume amepotea, alipomwona anapanda barabara akitokwa jasho, kiti kikubwa cha kuegemea kichwani, matumbo ya kiti yananing'inia nje.

"Cha mwoka mikate wa hapo chini," akasema Sponji akihema mlangoni, uso ukimng'aa. "Kimepasuka. Nikamwambia, mzee, hicho kiti kinakutukana, nipe mimi. Ana vingine vinne, Mama! Siku ya kwanza tu!"

"Vizuri," akasema bibi. "Mkate uko wapi?"

Sponji akatazama mikono yake mitupu.

"Ni kwamba," akasema, "tumeletewa kiti."

"Lete basi," akasema bibi, akivuta chupa ya chai karibu. "Tukipake siagi."