Pampu ya Hewa na Sikio la Fundi

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Mtu akifungua boneti barabarani, lazima nisimame nichungulie, hata kama nimechelewa. Kwa hiyo siku fundi wangu wa Gatsata alipokubali kunifungia pampu ya hewa kwenye pikapu yangu, nilibeba kigoda kutoka nyumbani Kabeza, nikaketi gereji nimwangalie.

Pikapu hiyo hubeba viazi. Nikipakia, nyuma ilikuwa inalala mpaka taa za mbele zinamulika juu ya miti. Fundi alishaniwekea mifuko miwili ya mpira juu ya ekseli: ukiijaza hewa, gari linanyanyuka. Ila kila nikipakia ilibidi niwabembeleze watu wa pancha wanijazie. Sasa nilitaka pampu yangu mwenyewe, na swichi karibu na usukani.

Fundi ni mzee aliyekulia Bujumbura, mpole, mwenye majivuno ya kitu kimoja tu: sikio lake. Gereji za jirani injini ikiwashinda, humwita aje asikilize. Maji ya sabuni ya kutafutia hewa inapovuja aliyadharau. "Sabuni ni ya wale hawana masikio," aliniambia. Heshima yake yote pale ilisimama juu ya sikio hilo.

Niliuliza maswali mpaka nikajichosha mwenyewe. Kwa nini pampu ifungwe juu hivyo? Isinywe maji ya mvua. Kwa nini waya mnene hivyo? Pampu inakula umeme mwingi, waya mwembamba ungeungua. Mipira ya kupitishia hewa aliikata kwa kisu cha jikoni, akaisukuma ndani ya viungio, ikashika yenyewe bila hata skrubu. Hilo lilinishangaza kuliko yote.

Nikabonyeza swichi. Pampu ikanguruma, mshale wa geji ukapanda, na makalio ya gari yakainuka polepole. Nilipiga makofi. Fundi akalala juu ya katoni, akasogeza sikio kwenye kila kiungio. Jirani alikuwa anakata chuma kwa mashine, makelele matupu. Nikaona jambo: sikio la mzee liko kwenye mpira, lakini macho yake yako usoni kwangu. Nikadhani anataka sifa kwa ule mshale wa geji uliopanda. Nikatabasamu.

"Iko sawa kabisa, ntakibazo, hakuna shida," akasema, akatoka chini ya gari.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya umuganda, watu wote kwenye kazi ya pamoja na barabara zimefungwa mpaka iishe. Nilirudi kutoka kazi ya mtaa na jembe begani, nikakuta majirani wamelizunguka gari langu wanacheka. Upande wa kushoto lilikuwa limeketi.

"Mama, gari yako imechoka kabla yetu?" mmoja akauliza.

Sikucheka. Nilikasirika, tena sana, na barabara zilipofunguliwa nikaenda Gatsata na maneno yangu tayari mdomoni.

Safari hii gereji ilikuwa kimya. Wa kukata chuma alikuwa hajafungua. Nikajaza mifuko, nikazima gari, na hapo hapo nikasikia: fsss, wazi kabisa, karibu na gurudumu la kushoto. Fundi akalala chini, akaweka sikio palepale panapolia. Akatulia.

"Hakuna kitu inatoka, mama," akasema, na macho yake usoni kwangu.

Hasira iliniisha. Mafundi wawili wa gereji ya pili walikuwa wamesimama wanatutazama. Nikisema kwamba mimi nasikia asichosikia yeye, nani atamwita tena kusikiliza injini?

"Mzee, nisamehe udadisi wangu," nikasema kwa sauti. "Nataka tu kuona povu. Sijawahi kuona."

Akanung'unika, lakini akaniacha nilete maji ya sabuni kwenye kikombe. Povu likavimba kwenye kiungio. Akauchomoa mpira, akaugeuza mkononi. Kile kisu cha jikoni kilikuwa kimeukata mshazari, ukakaa vibaya ndani. Akaukata upya kwa wembe, safari hii sawasawa, akaurudisha.

Wale mafundi wakaenda zao. Ndipo akauliza polepole, "Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia, mzee."

"Na jana?"

"Jana palikuwa na makelele. Nilitabasamu kwa sababu ya geji."

Akaitikia kwa kichwa. "Mimi nilikuwa nafuata uso yako."

Nilitamani nimwombe radhi, sikujua kwa kosa gani. Akaisogeza katoni, akanipa nafasi.

"Lala hapa, mama. Sikiliza. Mimi nitakuangalia."

Nikajifunga kitenge vizuri, nikaingia chini ya gari langu, nikaweka sikio kwenye kiungio. Sikusikia kitu ila pumzi za mzee aliyeinama kando yangu. Nikasikiliza tena, mara ya pili na ya tatu, kabla ya kuuruhusu uso wangu useme chochote.