Nyumba Iliyowahi Kusimama

Wiki iliyopita, kijiji kimoja jirani na Kharumwa, nilimkuta ofisa wa tathmini ya mafuriko mlangoni kwa mjane. Maji yaliangusha nyumba yake na kumuua mumewe. Majirani wakainua kuta upya kwa siku mbili, ili marehemu atoke nyumbani kwake kwenda kuzikwa.

"Mama, mabati ya serikali ni ya walioangukiwa. Hii imesimama," alisema ofisa.

"Ilianguka, mwanangu. Ungekuja siku ya maji ungeiona."

"Naandika ninachokikuta."

Mjane aligusa ukuta. Udongo ulikuwa bado mbichi, na juu palifunikwa turubai la kuazima.

"Basi rudi kesho. Nitawaomba walioijenga waje waibomoe."

Majirani walikuwepo. Hakuna aliyecheka. Kosa lao lilikuwa kufika kabla ya serikali.