Makasi Juu ya Shali ya Mama Mkwe

Nakumbuka ile siku pale Kitale, mwanangu, na mpaka leo moyo unaruka. Nilikuwa msichana wa kuposwa. Nilitakiwa Bungoma, kule Kanduyi, nimwone mama mkwe mara ya kwanza, na mikono mitupu haiendi kwa mama mkwe. Nikaamua kumfumia shali.

Aliyenifunza ni Mama Njeri, mfumaji wa masweta sokoni, mkali lakini hana kinyongo. Uzi ulikuwa wa kondoo wa Kapsokwony, ule wa kuwasha shingo. Siku hizi mnavaa nailoni mnaiita sufu, haya basi. Rangi mbili, maua meupe juu ya kahawia. Akasema nifume mviringo, kama gunia lisilo na kitako, ili maua yaniangalie usoni nisikosee. Mahali pamoja akaniongezea vitanzi visivyo na ua, mstari kutoka chini mpaka juu. Sikuuliza ni vya nini. Shule niliiacha mapema, na kuuliza niliona ni kujianika.

Gunia likaisha. Mama Njeri akalitia kwenye cherehani, akashona pande zote mbili za ule mstari, kisha akanipa makasi.

"Kata."

"Kata nini?"

"Hapo katikati ya mstari, lifunguke liwe shali."

Wewe! Nilipiga nduru mpaka muuza nyanya akaangusha debe. Kazi ya miezi, ati nikate? Si kila mtu anajua kitu cha kufumwa ukikikata kinafumuka chote? Nikanyakua gunia langu, nikatoroka.

Huko Kanduyi mama mkwe akalivaa kwa kichwa. Likakwama! Mikono imebanwa ndani, sauti inatoka kama ya mtu aliye kisimani: "Huyu ameniletea shali ama mtego wa fuko?"

Mawifi wakashika mbavu. "Mama amepata sketi, bana!" Mchumba wangu akaangalia chini. Nikaona harusi inaniponyoka hivi hivi.

Mama mkwe akachomoka, nywele zimesimama. "Aliyekufunza alisema livaliwe vipi?"

"Alisema likatwe, mama."

"Sasa si ukate?"

"Litafumuka."

"Yeye alianza kufuma lini, na wewe lini?" Akanipa makasi.

Nikakata. Nafumba macho, nafungua, nafumba. Krrr, krrr. Nikafika juu, nikangoja uzi ukimbie. Haukukimbia! Hata kitanzi kimoja! Ile mishono ya cherehani ilikuwa imevishika vyote. Shali ikalala wazi mapajani pangu na maua yake yote, nami mdomo wazi hivyo hivyo. Mama mkwe akajifunika mabega, akaketi.

"Pika chai, bibi ya kijana yangu."

Sasa sikia, mwanangu. Anayekufunza kazi muulize mapema, hata ukichekwa. Na ukifika pale panapotisha, usitoroke na kazi nusu. Katia hapo hapo, mkono wa mwalimu ukiwa karibu. Mimi nilikatia mbele ya waliokuwa wakinicheka.

Mungu akupe mwalimu mkali asiyechoka nawe. Na siku ukikosea, akupe mama mkwe kama wangu.