Mpishi Aliyetupa Tufe

Severina alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni nje kidogo ya mji wa Iringa. Mwezi wa pili mwaka 1974 alimzika mwanawe wa miezi mitano, na wiki iliyofuata akarudi jikoni kusonga ugali wa wanafunzi mia mbili. Hakulia msibani. Wanawake waliokuja kuomboleza walimtazama kwa pembeni, wakanong'onezana kwamba moyo wake umekuwa jiwe. Yeye mwenyewe hakuuona kuwa jiwe wala nyama. Alikoroga, akapakua, akasugua masufuria, na jioni akashangaa kwamba siku imekwisha.

Mumewe, Bartholomeo, alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli upande wa Mbeya. Alikuja kuzika, akakaa siku nne, akarudi kambini. Kwa siku zote nne walizungumza habari za kuni na bati linalovuja, basi.

Mwezi wa nne, mwalimu wa michezo aliyeitwa Damari alipita jikoni akamkuta Severina akiteremsha peke yake sufuria la maharage ambalo siku zote hubebwa na watu wawili.

"Kamwene, dada Severina," alimsalimia kwa Kihehe. "Huo mgongo hauumi?"

"Kamwene, mwalimu. Sijui. Siusikii."

Damari alishika upande wa pili wa sufuria. "Mkoa unatafuta mwanamke wa kutupa tufe. Mashindano ni Mbeya, mwezi wa nane. Nguvu unazo, lakini nguvu bila utaratibu zitakuvunja. Njoo kesho saa kumi."

Mwingine angeuliza tufe ni kitu gani. Severina aliuliza kama ni saa kumi kamili au na nusu. Saa kumi ndiyo iliyokuwa saa ya kumwogesha mtoto, na tangu mwezi wa pili hakujua aiweke wapi.

Wiki mbili za kwanza hakugusa chuma. Alikimbia polepole kuzunguka uwanja, akanyoosha viungo, akachuchumaa na kusimama mikono mitupu. Baadaye Damari alileta ekseli ya lori bovu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa Severina aliinyanyua mara nane, akapumzika, mara nane tena.

"Toa pumzi unapoinua," Damari alimwambia. "Na usiongeze uzito mpaka huu uwe mwepesi."

"Na Jumanne?"

"Jumanne unalala. Mwili unajengeka ukiwa umepumzika. Na ule maharage, usiwapakulie wengine tu."

Siku za mapumziko ndizo zilizomshinda. Alikaa kitandani akiitazama mikono yake kama vyombo alivyoazimwa. Mama mkwe alikuja kumwonya kwamba mwanamke anayebeba vyuma hatazaa tena. Severina alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai.

Mwezi wa nane walisafiri kwa basi. Pale Igawa abiria walishuka kununua mahindi ya kuchoma. Severina alikula mawili kwa sababu Damari alimwambia ale. Uwanjani Mbeya kulikuwa na baridi na vumbi. Aliingia kwenye duara la kutupia mara tatu. Tufe la tatu lilipita mita tisa, akashika nafasi ya pili. Watu walipiga vigelegele, Damari akamkumbatia huku akiruka. Severina aliona midomo ikicheka na hakujua uso wake ufanye nini.

Alipogeuka, akamwona Bartholomeo amesimama kando ya kamba, ovaroli yake imejaa udongo mwekundu.

"Umekujaje?" aliuliza.

"Nilisikia jina lako redioni, kambini, wakitaja wachezaji wa mikoa. Nikaomba ruhusa."

Walikaa kwenye nyasi. Kisha Severina akashika bega la kulia.

"Linauma," alisema.

"Wapi?"

"Hapa. Linauma sana, Bartholomeo."

Akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu, kama maji yanayopita chini ya mlango. Bartholomeo alimkanda bega kwa vidole vilivyozoea kubeba mataruma ya reli, akikosea pahala penyewe, akielekezwa, akikosea tena. Hawakumtaja mtoto. Jua lilipozama Bartholomeo alirudi kambini, Severina akapanda basi la Iringa, na kesho yake Severina alikuwa mkavu kama zamani.

Reli ilipokwisha, Bartholomeo alipata kazi ya kudumu Makambako, na Severina akamfuata. Nyuma ya nyumba za wafanyakazi alianza kufanya mazoezi na wanawake watatu: Regina, Verediana na Leokadia. Aliwaanzisha mikono mitupu, wiki mbili nzima. Siku moja Verediana alimuuliza kama mazoezi yalimsaidia kusahau msiba wake.

"Hapana," alisema Severina. "Chuchumaa. Kisigino kisiinuke."

Regina aliacha mazoezi mvua za kwanza zilipoanza. Wawili waliendelea.