Makaa Niliyoyanyima Maji

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, wadogo zetu wawili wa kiume, Mama jirani wa upande wa juu mwenye ng'ombe, na Papa agronomu, bwana shamba aliyepanda kutoka mji wa Sake kwa pikipiki kutufundisha kuponya shamba. Wazazi hawakuwepo, vita ilikuwa imetuachia nyumba bila wao. Ndiyo maana mimi, niliyeacha shule kabla ya kumaliza msingi, nilikuwa mkubwa wa nyumba na nilikalia kiti pekee chenye mgongo.

Shamba letu la Bihambwe lilikuwa limechoka. Kila tulipokimbia na kurudi tulipanda maharagwe palepale, na kila mara yalizaa kidogo zaidi. Msimu ule nilijua kwamba yasipozaa, tunarudi kambini kupanga foleni ya unga.

Papa agronomu alichimba shimo kama bakuli, akachomea humo mabua ya mahindi na matawi makavu, akiongeza kidogo kidogo ili moto uwake juu na moshi uwe mdogo. Alisema makaa yakitiwa shambani, kile ambacho kingepaa na moshi kitabaki udongoni miaka mingi, na hewa ya dunia nzima itapata nafuu. Sisi tulipenda hasa habari ya moshi mdogo. Dunia nzima ilikuwa mbali, lakini wenye bunduki walikuwa kilima cha pili, na moshi mkubwa huwaonyesha mahali penye chakula.

Kisha akauzima moto kwa ndoo za maji. Hapo ndipo nilipoacha kumsikiliza. Baba yangu alikuwa mchoma makaa, makala kama tunavyoyaita kwetu. Mvua ikinyesha aliyafunika makaa kwanza, sisi baadaye. Makaa yaliyolowa hayana mnunuzi. Nikajiambia kwamba huyu amesoma sana lakini hajawahi kubeba gunia. Nikaendelea kuitikia kwa heshima mpaka somo likaisha.

Alipoondoka niliyaanika makaa yale, nikayaponda, nikayatia guniani na kuyaweka chini ya kitanda changu, pakavu kabisa. Mdogo wangu wa kike akanikumbusha: "Kaka, Papa agronomu alisema tuyaloweshe na mkojo wa ng'ombe na mavi yake, yashibe kwanza, kisha njo tuyapeleke shamba."

"Weye umeona wapi muntu analowesha makala?"

"Kwa Papa agronomu. Ulikuwa umekaa karibu yangu."

Niliyamwaga shambani makavu, tukapanda. Mama jirani alisimama mpakani akauliza kama ninatarajia kuvuna magunia ya makala. Nikamwambia angoje aone.

Alingoja, akaona. Maharagwe yaliota, kisha yakageuka manjano. Makaa yenye njaa yalikuwa yamenyonya chakula cha udongo. Pembeni, mahali gunia liliponiishia, mimea ilikuwa kijani zaidi, na mstari ulinyooka hivi kwamba mpita njia yeyote angeweza kuonyesha kwa kidole ujinga wangu ulipoanzia.

Wadogo zangu hawakunicheka. Walianza kujipakulia kidogo bila kuambiwa, na hilo lilinichoma kuliko kicheko.

Basi nikaenda kwa Mama jirani kuomba mkojo wa ng'ombe, jambo ambalo hakuna njia ya kuliomba kwa fahari. Tuliubeba kwa vidumu, tukauchanganya na mavi na maji, tukayanywesha makaa palepale yalipolala. Watu walinisalimia kutoka mbali. Mvua ilikuwa bado ipo, ila mbegu hatukuwa nayo tena. Mama jirani akateremka na kikapu cha mbegu yake mwenyewe.

"Chukua," alisema. "Lakini mbegu ya kwangu inarudi na kilele, kikapu kijae mpaka kipite ukingo, na weye mwenyewe njo utaileta. Usitume batoto."

Safari hii maharagwe yalitoka kijani mpaka mpakani. Kabla hayajakauka risasi zilianza tena. Mama jirani alikimbilia Shasha, kando ya ziwa. Ng'ombe wake hawakufika naye. Sisi tulijificha porini, tukarudi, tukavuna. Wadogo zangu walikula mpaka wakaacha chakula kwenye sahani, na kambini hatukurudi.

Barabara ya Shasha bado imefungwa. Nimekwisha kuchagua mbegu nzuri na kujaza kikapu chake mpaka kilele. Kila msimu ninaipanda asije akapelekewa mbegu ya zamani, ninavuna, ninajaza upya. Bado sijampelekea.